Vyura wa Kando ya Tangi

Watu wanamwita Mama Pasi, ingawa pasi yenyewe hajaishika siku nyingi. Alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali tangu akiwa msichana mpaka mgongo ulipomwambia basi. Kufua hakukuwa kazi yake, mashine zilifua. Yeye alisimama mwisho wa mstari, pale mashuka yanapotoka kwenye roli la moto linaloyapiga pasi, akayapokea, akayakunja, akayapanga rafuni. Shuka lililopita mikononi mwake lilikuwa na pembe kama kitabu kipya. Rafu zake zilikuwa na kimo kimoja toka mwanzo hadi mwisho, na wauguzi walipoagizwa mashuka walichukua ya kwake kwanza, kisha ndipo wakageukia ya wenzake.

Alipostaafu alirudi nyumbani na mikono ileile. Taulo, vitambaa vya jikoni, magazeti ya zamani, vyote vilipangwa kimo kimoja. Mumewe, fundi wa magari ambaye bado anakwenda gereji asubuhi asubuhi, huwaambia wateja wake kwamba nyumbani kwake haketi ovyo, asije akakunjwa na kuwekwa kabatini.

Nyuma ya nyumba yao kuna uchochoro kati ya ukuta wa jiko na ukuta wa mpaka. Mwisho wa uchochoro limesimama tangi la maji, na bomba lake halifungi sawasawa. Linadondosha tone, linanyamaza, linadondosha jingine. Jua hupita hapo asubuhi kama mtu anayepitia salamu tu, kisha siku nzima ni kivuli. Mama Pasi alijaribu nyanya, zikarefuka kutafuta mwanga na hazikuzaa. Alijaribu waridi, likaota ukungu. Alikuwa ameshakata tamaa na hiyo sehemu siku dada yake mkubwa alipomletea mzizi uliofungwa kwenye gazeti lililoloa.

“Hili ndilo la kivulini,” dada alisema. “Lipe mboji, lisikauke. Mengine litajifanyia lenyewe.”

Lilikuwa yungiyungi la chura. Huitwa hivyo kwa sababu ya madoa: ua jeupe, au la urujuani uliofifia, lenye madoa mengi ya zambarau, kama mgongo wa chura aliyekaa penye unyevu. Si kubwa. Ukilipita kwa haraka hulioni. Ukiinama, unaona petali sita, na chini ya tatu kati ya hizo kuna vifuko vidogo vilivyovimba, na katikati panasimama kitu kama chemchemi iliyoganda, nayo ina madoa vilevile. Mama Pasi alilifahamu vizuri ua hilo, kwani kila alipokwenda kumtembelea dada yake katika msimu wake alilikuta moja likielea kwenye glasi ya maji mezani. Dada alikuwa na tabia hiyo. Alichuma moja tu, akaliweka mbele ya mgeni, wakanywa chai wakilitazama.

Dada alifariki kabla mzizi ule haujatoa ua. Nyumba yake ikauzwa, na aliyeinunua akamwaga saruji ua wote mpaka mlangoni.

Nayasema haya kwa sababu ndiyo yanayoeleza ni kwa nini tuta lile dogo kando ya tangi lilikuwa na thamani kiasi kile kwa mwanamke asiyependa makuu. Hakuna mahali pengine duniani ambapo mkono wa dada yake ulikuwa umebakiza kitu kinachoota.

Mwaka uleule wa msiba Mama Pasi alipita kwenye kitalu cha miche barabarani akaona chungu chenye majani ya namna ileile, mapana, yanayokumbatia shina, yenye mabaka meusi kama matone ya oili. Akauliza. Mwenye kitalu akamwambia ni yungiyungi la chura, lilelile. Akalinunua, akalipanda karibu na la dada ili lisiwe peke yake. Ni jambo ambalo mtu hulifanya akiwa na huzuni.

Msimu uliofuata maua yalitoka, mengi, yakisimama juu kabisa, kwenye vitawi vilivyochanua kama vidole. Mama Pasi alikaa kwenye kigoda akayatazama mpaka mumewe akaja kuuliza kama leo hakuna chakula.

“Dada amechanua,” alimwambia.

“Na yule wa kununua?”

Akamwonyesha mashina mengine karibu na tangi, yaliyoinama, yenye majani tu. “Yale pale. Hayana lolote. Kitalu kimenipiga.”

Tangu hapo ndivyo mambo yalivyopangwa kichwani mwake, na kitu kikishapangwa na Mama Pasi hakitoki mahali pake. Yaliyochanua yalikuwa ya dada. Yaliyoinama yalikuwa ya dukani. Na kila mwaka, maua ya kwanza yalipoanza kudondoka, alichukua mkasi mkubwa akakata tuta zima kwa kimo kimoja, yenye maua na yasiyo na maua, likabaki sawa kama rafu ya mashuka. Hakupenda kuona kitu kikinyauka kwa zamu.

Maua yalizaana. Yalitembea chini ya udongo na kuibuka mbele, yakafika mpaka kwenye ngazi ya jiko. Mama Pasi akaanza kugawa. Aliyekuja na kikopo aliondoka na mzizi na maneno haya: “Hili la dada yangu. Litunze.” Kinyozi wa kona alipewa akalipanda nyuma ya banda lake, penye kivuli cha ukuta. Alikuwa mtu wa maneno.

“Mama Pasi,” alisema siku moja alipochungulia uchochoroni, “mimi nalipwa kunyoa, lakini sijawahi kumnyoa mtu namna ulivyolinyoa hili tuta.”

“Wateja wako wanaondoka vichwa vikiwa upande. Mimi nanyoosha.”

“Haya, nyoosha. Ila usiniguse la kwangu. Nalifuga ndevu.”

Sasa, dada alikuwa ameacha binti mmoja. Binti huyu ni dereva wa lori la maziwa, mwanamke wa mabega mapana na kicheko kifupi, ambaye tangu msiba alikuwa akiishi chumba cha kupanga kisicho na hata ubao wa dirisha wa kuweka chungu. Mwaka huu kampuni ilimhamishia kituo cha mbali, milimani, penye baridi na mvua, na safari hii akapata nyumba yenye kiwanja kidogo mbele. Akapiga simu.

“Mama mdogo, nahama wiki hii. Nakuja kukuaga Jumapili. Nataka unigawie maua ya mama.”

“Njoo mwanangu. Yamejaa. Utachukua mpaka uchoke.”

Jumamosi Mama Pasi alifanya usafi. Maua yalikuwa yameanza kudondoka, naye hakutaka mtoto wa dada akute tuta limechakaa. Alichagua mashina machache mazuri akayaweka kwenye jagi mezani, kisha akapitisha mkasi kwenye mengine yote. Mashina aliyoyakata aliyatupa kwa mafungu kwenye lundo la mboji nyuma ya tangi.

Binti alifika akanawa, akaketi, akamiminiwa chai. Akalitazama jagi.

“Mazuri sana haya,” alisema. “Ya mama yapo wapi?”

Mama Pasi alicheka kidogo. “Si hayo hapo.”

Binti alilivuta jagi karibu. Akaligeuza. Alikuwa mtu wa adabu, na ilionekana wazi kwamba anatafuta namna ya kusema.

“Mama mdogo, haya yanachanua juu, kwenye vitawi. Ya mama yalikuwa yanapanda shina. Kila jani lina ua lake kwapani, toka chini mpaka juu. Nilikuwa naoga pale bombani nikiwa mdogo, najipima nayo. Yalikuwa yanakuja mpaka hapa.” Akagusa kidevu. “Halafu yalichelewa. Mama alikuwa anasema haya hayana haraka na mtu.”

“Nimemwona dada yangu na maua haya tangu hujazaliwa.”

“Uliyaona kwenye glasi,” binti alisema kwa upole. “Moja moja.”

Fundi wa magari, aliyekuwa anatafuna mkate, aliacha kutafuna.

Ilikuwa kweli. Mama Pasi hakuwahi kuliona shina la dada likiwa limechanua. Alifika jioni, akakuta ua mezani, akaondoka alfajiri kuwahi zamu. Ua kwa ua hayakuwa na tofauti ambayo jicho lake lingeikamata: madoa yaleyale, vifuko vilevile. Tofauti ilikuwa mahali lilipokaa, na mahali hapo hakuwa amepaona.

Hakubisha tena. Alivaa kandambili akatoka, na binti akamfuata. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa kinyozi, ambaye Jumapili ndiyo siku yake ya kazi nyingi, akapita katikati ya wateja bila salamu, akafika nyuma ya banda. Ua la kinyozi lilikuwa halijakatwa hata siku moja. Lilikuwa na mashina marefu, yamechanua vitawi juu, na chini ya vitawi ni majani matupu.

Kinyozi alitokea na mashine mkononi. “Kuna nini, mama? Nimekosa wapi?”

“Hujakosa. Huwa linatoa maua huku chini? Kwenye majani?”

“Hapana. Ni juu tu, kama taji.”

“Hata mwisho wa msimu?”

“Hata likizeeka. Mimi si nalifuga? Ningeona.”

Walirudi. Njiani Mama Pasi alijaribu kuwahesabu aliowagawia akaacha. Yule aliyehamia ng'ambo ya reli, mke wa mchungaji, wale mapacha wa duka la dawa. Wote walikuwa wanamwagilia maji mche wa dukani na kuuita kwa jina la dada yake. Lakini hilo halikuwa ndilo lililomkaba. Lililomkaba ni kwamba kama haya yalikuwa ya kitalu, basi la dada lilikuwa lile alilolidharau, lile lililoinama kando ya tangi, na jana alilipitia kwa mkasi.

Lundo la mboji lilikuwa bado bichi. Alipiga magoti, jambo ambalo daktari alimkataza, akaanza kutoa mashina moja moja. Mumewe alikuja akasimama juu yao.

“Mnatafuta nini?”

“Nyamaza kwanza.”

Aliyapitisha mashina kwenye vidole. Laini, laini, laini. Haya ni ya kitalu. Majani yanang'aa na shina linateleza. Kisha akashika moja lililokuwa na vinyweleo. Alilirudia kwa kidole gumba kutoka juu kwenda chini. Vinyweleo vilikuwa vingi, vidogo, kama kitambaa cha flana ambacho hakijafuliwa mara nyingi. Akalifunua kwenye mwanga. Kwenye kwapa la kila jani, karibu kabisa na shina, palikaa kitumba, vingine viwili viwili, vidogo kama punje ya mchele, vya kijani kilekile cha shina, vimebana midomo.

“Ndilo hili,” binti alisema.

Mama Pasi alikaa chini kwenye udongo. “Miaka yote,” alisema. “Miaka yote nalikata likiwa na mimba.”

Bomba la tangi lilidondosha tone. Fundi wa magari ni mtu ambaye hawezi kimya kirefu, na kwa kawaida angesema kitu cha kuchekesha, lakini alichofanya ni kuinama, kumshika mkewe kwapani, na kumwinua.

Walikusanya mashina yote yenye vinyweleo. Yalikuwa fungu la mkono mmoja tu. Kisha wakaenda tutani kutafuta shina lenyewe lilikotoka. Mizizi ya kitalu ilikuwa imejisuka kila mahali kama nyuzi za mkeka, na ikabidi binti aipasue kwa koleo huku Mama Pasi akifuata kwa vidole, akigusa kila kisiki kilichobaki juu ya udongo. Hiki laini. Hiki laini. Karibu na mguu wa tangi, penye matope, alipata vinne vyenye vinyweleo, vimekaa pamoja, vimebanwa na vya jirani. Hilo halitembei, linakaa pale lilipopandwa, linanenepa taratibu mahali pake. Ndiyo maana lilikuwa limemezwa. Konokono wasio na nyumba walikuwa wamekula nusu ya majani ya chini.

“Hilo tu?” mumewe aliuliza.

“Hilo tu.”

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Yungiyungi la chura hugawanywa kabla halijachipua, wakati limelala. Kulichimba sasa, limejaa maji na limekatwa jana tu, ni kulibahatisha. Na binti alikuwa anaondoka Jumanne.

“Liache, mama mdogo,” binti alisema. “Nikipata likizo nitarudi kulichukua.”

“Utapata lini?”

“Sijui. Ni kituo kipya.”

“Basi chukua lote.”

“Siwezi kuchukua lote. Likifa kwenye lori je?”

“Likifa kwenye lori limefia kwa mtoto wake. Likifa hapa limefia kwangu mimi niliyelikata.”

“Msilifanye jamani kama mtu,” fundi alisema. “Ligaweni. Vinne vinagawanyika.”

Binti alicheka kile kicheko chake kifupi, na Mama Pasi, aliyekuwa karibu kulia, akamtazama mumewe kwa ukali, kisha akaenda jikoni kuleta kisu cha mkate.

Walilichimba na bonge lote la udongo. Aliliosha kwenye beseni mpaka mizizi ikaonekana, myeupe, minene kidogo, akatafuta mahali ambapo panakubali kuachana. Hakukata kwa haraka. Mikono iliyokunja mashuka maisha yote ilipima bila kujua inapima: visiki viwili huku, viwili kule, mizizi ya kutosha pande zote. Kisha kisu kikapita. Kipande cha binti alikifunga kwa kitambaa kilicholoa, juu yake mfuko, juu yake tena gazeti, akakiweka kwenye ndoo. Chake alikirudisha mahali pale pale kando ya tangi, baada ya kung'oa ya kitalu kulizunguka pande zote.

Binti aliondoka na ndoo kwenye kiti cha abiria, ameifunga mkanda.

Mashina yaliyotoka mbojini Mama Pasi aliyaweka kwenye jagi la maji, kwenye dirisha la jikoni. Hakutegemea kitu. Siku zilipita, vitumba vikaanza kujaa. Asubuhi moja aliingia kuwasha jiko akakuta ua la kwanza limefunguka chini kabisa ya shina, kwapani mwa jani. Kesho yake la juu yake. Yalipanda hivyo, jani kwa jani, bila haraka, kama mtu anayewasha taa za nyumba moja baada ya nyingine. Aliyaacha. Ya chini yalipoanza kunyauka wakati ya juu bado hayajafunguka, mkono ulimwasha, akaukunja kifuani. Yalikuwa hayako sawa hata kidogo. Ndivyo dada yake alivyokuwa akiyaona kila mwaka, na ndivyo yeye alivyokuwa hajayaona hata mara moja.

Alipiga picha kwa simu, mara kadhaa, kwa sababu ya kwanza ilitoka kidole. Akaandika: *Ndiyo haya?*

Jibu lilikuja mchana, dereva alipoegesha: *Ndiyo haya.*

Kisha ikaja baridi. Tuta likalala, na katika kulala mayungiyungi yote yanafanana. Mama Pasi aliweka mboji, akaweka maganda ya mayai yaliyopondwa kuzuia konokono, akawa anakwenda kuangalia hata pasipo cha kuangalia. Kinyozi alipita akamkuta ameinama.

“Nimesikia la kwangu si la dada,” alisema.

“Si la dada. Utanisamehe.”

“Nikusamehe nini? Linachanua. Ila nimeshamwambia kila mtu ni la dada yako, sasa nitasemaje?”

“Sema ni langu.”

Joto liliporudi, ya kitalu yaliibuka kwanza, kwa kelele, kila mahali, hata katikati ya nyufa za ngazi. Mahali pale kando ya tangi palibaki udongo mtupu. Alisubiri. Alijiambia lile halina haraka. Mwishowe alichukua kijiko akafukua kidogo, taratibu, akakuta mzizi umekuwa laini, wa kahawia, unaachana mkononi kama mkate uliolowa. Pengine ni maji ya tangi. Pengine ni kisu. Aliyasogeza mabaki kwenye shimo akafukia.

Hakumpigia binti. Aliogopa kuuliza. Ilichukua siku kadhaa, na mumewe ndiye aliyebonyeza namba na kumwekea simu sikioni mkewe aliyekuwa anaosha vyombo, mikono ina povu.

“Mama mdogo,” sauti ilisema, na nyuma yake injini ilikuwa inaunguruma. “Nilikuwa nataka kukupigia. Limetoka.”

“Limetoka?”

“Machipukizi matatu. Nimelipanda upande wa bomba la nje, ukutani. Mvua huku haikatiki, linapenda.”

“Shika shina.”

“Sasa hivi niko barabarani.”

“Ukifika. Shika shina, uone kama lina vinyweleo. Usije ukawa umechukua la jirani yake.”

“Nimeshashika. Lina ndevu.”

Mumewe aliendelea kumshikia simu, mkono umeanza kumchoka.

“La kwako je?” binti aliuliza.

“La kwangu limeoza.”

Injini ilinguruma kidogo, ikazimwa. Binti alikuwa ameegesha.

“Nitakuletea kipande, mama mdogo. Likikua.”

“Usilete mwaka huu. Wala ujao. Liache kwanza linenepe mahali pake.” Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetoa maagizo ya kazi: “Na usilikate. Hata likichakaa. Litakuudhi, litanyauka chini likiwa bado linafunguka juu. Liache hivyohivyo.”

“Sawa.”

“Umekula?”

“Bado.”

“Kula. Usiendeshe na njaa.”

Aliposhusha simu alikausha mikono, akakunja kitambaa, akatoka nyuma. Machipukizi ya kitalu yalikuwa yamejaa tuta, mabichi, yenye mabaka yao meusi, yakisukumana. Yalikuwa na kiu. Akaweka ndoo chini ya bomba, akasubiri ijae, akayamwagilia.